Mawindo ya Hulugho Wakati wa Masika

Watu wengi wa bara wakisikia habari za mawindo hukumbuka mlima: baridi, ukungu, na mnyama asimamaye juu ya jabali. Hulugho hakuna mlima. Nchi hiyo ya Garissa, iliyo jirani na mpaka wa Somalia, ni tambarare ya nyasi na vichaka, na atakaye kutazama mbali hana budi kupanda kichuguu. Walakini safari zake si nyepesi kuliko za mlimani, hasa katika masika, ambayo Wasomali huyaita gu.

Mnyama mwenye sifa katika nchi hiyo ni hirola. Rangi yake ni ya mchanga, pembe zake ni ndefu zenye mapindi, na mstari mweupe hupita kati ya macho yake kama miwani. Chini ya kila jicho kuna tezi kubwa, kwa hiyo husemwa kwamba ana macho manne. Bwana H. C. V. Hunter, aliyekuwa amewinda pande za Kilimanjaro pamoja na rafiki zake, alimpata karibu na mto Tana mwaka 1888. Mwaka uliofuata mtaalamu Sclater alimwandika kwa jina la Hunter, ambalo kwa Kiingereza maana yake ni mwindaji. Wafugaji waliomjua tangu enzi za babu zao hawakuulizwa.

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Waaweer, ambao wengi huwaita Waboni, waliokuwa wakiishi kwa upinde, mshale wa sumu na asali ya msituni, waliumia kwa sheria hiyo kuliko tajiri yeyote aliyekuja na bunduki. Siku hizi amtafutaye hirola huchukua darubini na daftari, naye huenda kuhesabu tu.

Kazi hiyo haifai mtu mmoja. Mvua ikinyesha, udongo mweusi hunata miguuni hata makubazi yakawa mazito kama mawe. Lori huzama mpaka ekseli, na abiria hulala papo hapo wakiumwa na mbu. Lakini mvua ina hisani yake: hufuta nyayo za jana na kuziandika za leo waziwazi. Basi rafiki mmoja hutazama chini, na mwenziwe hutazama vichaka, kwa kuwa simba naye yumo katika mawindo.

Na cha kuhesabu kimepungua mno. Katika miaka ya 1970 hirola walikadiriwa kuzidi 10,000. Siku hizi hukadiriwa kuwa chini ya 500. Ugonjwa wa sotoka uliwaua wengi katika miaka ya 1980, na ukame ukawaongezea dhiki. Tena ndovu waliuawa kwa ajili ya pembe, na kwa kukosa ndovu wa kuvunja miti, vichaka vikafunika nyasi fupi apendazo hirola. Nani angedhani kwamba meno ya ndovu yaliyouzwa ng'ambo yangemnyima swala malisho?

Mwaka 1996 wakuu wa wanyama wa porini walitaka kuwahamisha baadhi yao kwenda Tsavo, kama walivyohamishwa wengine mwaka 1963. Wenyeji walikwenda mahakamani kupinga, wakisema mnyama huyo ni wa nchi yao. Hawakuwa na kosa kusema hivyo, maana waliishi naye miaka yote hiyo wala hawakummaliza. Baadaye, mwaka 2012, hirola 48 walitiwa ndani ya uzio huko Ishaqbini, karibu na Tana, katika ardhi ya wenyeji wenyewe, ili simba na mbwa mwitu wasiwafikie.

Wale wa upande wa Hulugho hawana uzio. Hulisha karibu na ng'ombe, na atakaye kuwaona sharti ampate rafiki mwenyeji wa huko, kisha angoje njia ikauke.