Wosia kwa Mnaobaki Maabarani

Wanangu,

Mwezi huu nang'atuka. Mali ya kuwagawia sina; nina neno juu ya vimeng'enya vya topoisomerasi na hizo dawa za kuvizuia mnazozitafuta.

Kipimo cha kDNA, yaani DNA ya kinetoplasti, bado nakipenda. DNA hiyo hutolewa kwa Crithidia fasciculata, kimelea cha wadudu aliye ndugu wa vimelea vya malale. Ni maelfu ya vipete vilivyoshikamana kama mkufu, wavu mkubwa usioweza kuingia kwenye jeli. Topoisomerasi ya pili, ikipewa ATP, huikata DNA, hupitisha kipete na kuunga tena, hadi vipete vikaachana na kukimbia na umeme. Dawa ikizuia, wavu hubaki kishimoni mwa jeli. Hapo ndipo wengi hushangilia mapema.

Kwani kishimo hakisemi sababu. Huenda dawa imejipenyeza kwenye DNA yenyewe, kimeng'enya hata hakikuguswa. Huenda imejikusanya kuwa chembechembe zinazonasa protini yoyote. Tieni Triton X-100 kidogo sana, na uzuiaji ukitoweka, itupeni. Huenda ni DMSO tu. Kwa hiyo kiyeyushi kiwe na safu yake peke yake, na etoposide, kizuizi kinachojulikana, iwe na yake. Jeli isiyo na safu hizo mimi siisomi, hata iwe ya profesa.

Na hata uzuiaji wa kweli hautoshi. Etoposide, na ciprofloxacin kwa girasi, topoisomerasi ya bakteria, hukinasa kimeng'enya kikiwa kimeshaikata DNA, nacho kikabaki kimeng'ang'ania ncha. Majeraha hayo ndiyo yanayoua. Kipimo cha vipete hakiyaonyeshi. Ili kuyaona, chukueni plasmidi iliyosokotwa, kimeng'enya kingi na dawa. Kisha SDS, halafu proteinase K imeng'enye protini. Duara likigeuka uzi ulionyooka, hiyo ni dawa inayonasa.

Msione haya kuchelewa. Monroe Wall na Mansukh Wani walitangaza dawa ya camptothecin mwaka 1966. Ilishajaribiwa kwa wagonjwa na kusimamishwa kwa ukali wake, ndipo kimeng'enya inachokilenga kikajulikana 1985.

La mwisho ni rangi ya ethidiamu. Mkipima ulegezaji wa plasmidi, itieni baada ya umeme, la sivyo itaisokota DNA upya na kuwachanganya. Mkipima ukataji, iwemo ndani ya jeli tangu mwanzo, ili duara lililolegea lisifanane na lililochanika. Na glavu, tafadhali, hata siku ambayo hakuna anayewatazama.

Babu yenu wa maabara