Dereva Mpya Apange Kwanza Mahali pa Kulala

Watu wengi wapitao Miritini, bara ya Mombasa, huyaona malori marefu yamepangana kando ya barabara kuu iendayo Nairobi, nao hudhani kwamba kazi ya dereva ni kushika usukani na kukanyaga mafuta tu. Hapana shaka kazi hiyo imo. Lakini anayeyajua hayo peke yake bado hajawa dereva wa safari ndefu. Safari ndefu huanza katika daftari, kabla gari halijawashwa. Na neno la kwanza kuandikwa humo si mahali pa kufika, bali mahali pa kulala.

Jambo hili si geni katika nchi. Zamani, kabla reli ya Uganda haijaanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, misafara ya wapagazi iliyotoka Rabai kwenda bara ilipangwa kwa maji. Mbele yao ilikuwapo nyika ya Taru, kame na yenye miiba. Kiongozi wa msafara hakuanza kwa kuuliza mwisho wa safari uko wapi. Aliuliza maji ya kwanza yako wapi: katika mashimo ya mawe ya Taru, au juu ya kilima cha Maungu, au katika mto wa Voi. Siku hizi barabara ya lami yapita karibu na mahali palepale, na maji ya kunywa huuzwa madukani. Lakini pale palipokuwa na kiu, sasa pana usingizi. Nao huua vilevile.

Kijana mmoja wa Miritini, aliyekuwa tanboi kwa miaka minne, alipata leseni ya magari makubwa, na tajiri mmoja akampa lori apeleke kontena Kampala. Ni mwendo wa kilomita 1,170 hivi toka Mombasa. Kijana akaketi akaandika: siku ya kwanza Nairobi, siku ya pili Malaba, siku ya tatu Kampala. Kisha akaenda kumwonyesha jirani yake, mzee aliyestaafu baada ya kuendesha malori miaka mingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete nione." Akasoma, akanyamaza kidogo. "Miji umeiandika vizuri. Saa umeziweka wapi?"

Basi wakahesabu pamoja. Sheria ya Kenya yasema kwamba dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 katika muda wa saa 24, wala gari la namna hiyo lisipite mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Lakini lori lililopakiwa halipati mwendo huo siku nzima. Kuna vilima, kuna foleni, kuna mizani. Mzee alikadiria kilomita 40 kwa saa, mambo yote yakichanganywa. Saa 8 mara 40 ni kilomita 320. Toka Mombasa hata Nairobi ni zaidi ya 480. "Sasa niambie," mzee akauliza, "hizo 160 zilizobaki utaziendesha na macho ya nani?"

Wakaipanga safari upya. Usiku wa kwanza ukawa Mtito Andei, ambapo ni karibu nusu ya njia ya kwenda Nairobi. Usiku wa pili Mlolongo, kabla ya kuingia mjini, ili alfajiri ashike barabara ya kusini iuzungukayo mji wa Nairobi, magari yakiwa bado machache. Usiku wa tatu Salgaa, mbele ya Nakuru, mahali madereva wengi walipopazoea. Usiku wa nne Malaba mpakani. Na siku ya tano Kampala. Siku tatu zimekuwa tano. Kijana alisikitika, maana alitaka kujipatia sifa katika safari yake ya kwanza.

Ndipo mzee akamfundisha jambo lililo kubwa kuliko yote. Alisema kila mahali pa kulala pawe na mahali pa akiba, na hapo pa akiba pawe nyuma, pasiwe mbele. Dereva mpya hujiambia, "Nisipofika Mtito mapema, nitasukuma mpaka Makindu." Huo ndio mtego wenyewe. Mtu aliyekwisha kuchelewa ndiye aliyekwisha kuchoka. Naye akijiongezea njia ajiongezea hatari. Basi akiba ya Mtito ni Voi. Akiba ya Mlolongo ni Makindu, ambapo hekalu la Masingasinga limezoea tangu zamani kuwapa wasafiri chakula bila malipo. Akiba ya Salgaa ni Naivasha.

Hayo hayakukawia kujaribiwa. Kijana alipofika kwenye mizani ya Mariakani, mwendo mfupi tu toka kwao, alikuta foleni ndefu. Ikumbukwe kwamba katika nchi za Afrika Mashariki lori halipimwi uzito wote tu, ambao mwisho wake ni tani 56, bali hupimwa ekseli kwa ekseli; na mzigo uliopangwa vibaya ndani ya kontena huweza kuzidisha ekseli moja ingawa jumla ni halali. Ndivyo ilivyokuwa. Kabla mambo hayajatengenezwa, saa nyingi za mchana zilikwisha potea. Jua lilikuwa likitua alipoiona Voi. Daftari lilimwambia nini la kufanya, akaegesha.

Usiku huo tajiri akampigia simu. "Wenzako wamekwisha pita Mtito, wewe umelala Voi?"

Wengi wameangamizwa na simu za namna hiyo. Tajiri ana deni la lori, naye aogopa kupoteza wateja. Mwaka 2017 stesheni kubwa ya reli mpya ilifunguliwa papo hapo Miritini, na baada yake makontena mengi yakaelekezwa kupanda treni hadi Nairobi. Madereva wengi walikaa bila kazi, mpaka mwaka 2022 serikali ilipowarudishia wenye mizigo hiari ya kuchagua. Kwa hiyo hofu ya kuchelewa si ya bure. Lakini kijana alijibu kwa heshima: "Tajiri, mizani ilinichukua mchana kutwa. Nikiendelea usiku huu nitasinzia, na utakosa gari, na mzigo, na mimi. Saa kumi na moja alfajiri nitakuwa njiani." Tajiri alinung'unika, akakata simu. Hakumfukuza.

Mahali pa kulala nako pana kuchaguliwa. Pawe na taa, mlinzi, na malori mengine. Maana lori lililo peke yake gizani huita wafyonza mafuta na wakata turubai. Tangi lifungwe kwa kufuli. Tena mzigo uendao nchi nyingine hufungwa kifaa cha elektroniki cha mamlaka ya kodi, nacho hutoa habari gari likiacha njia iliyoruhusiwa. Kwa hiyo njia ya mkato ya kwenda kuwasalimu jamaa haifai kabisa.

Na njia ya kurudi ipangwe kama ya kwenda. Mteremko wa Sachangwan, karibu na Salgaa, humkabili dereva atokapo Uganda, wakati ambapo amechoka na breki zimekwisha fanya kazi kubwa. Hapo ndipo lori la mafuta lilipopinduka tarehe 31 Januari, 2009, watu wakakusanyika kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Mteremko huo upitwe mchana, katika gia ndogo, na mtu aliyelala usingizi wa kutosha.

Mwisho, fedha za njia nazo zigawanywe kwa idadi ya usiku, na za siku mbili ziwekwe kando kwa ajili ya mpakani. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, madereva walikaa siku nyingi katika foleni ya Malaba wakingoja majibu ya vipimo; na aliyekuwa amekula fedha zake zote njiani alionja njaa.

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Kijana yule aliingia Kampala siku ya sita, mzigo wake mzima. Tajiri akampa mzigo wa pili, na safari hii alimwuliza mwenyewe: "Utalala wapi?"