Umepima?

Gari ikichemsha kwenye jam ya Jogoo Road, halafu ipoe yenyewe ukishafika Thika Road na kugonga 80, inakuambia kitu. Kwa mwendo huo upepo unapita kwenye rejeta bila kusaidiwa. Kwenye jam hakuna upepo, kuna feni tu. Feni ikilala, mshale wa joto unapanda, na ukiendelea kubishana nao, hedi inapinda na gaskiti yake inaenda. Hapo sasa unaongea bei za watu wengine.

Gari yetu ni ya baba, na ndiyo teksi. Ndiyo iliyonilipia karo ya chuo mihula mitatu kabla hesabu zikatae, nikarudi Umoja kuandikia watu makala kwa malipo ya kuhesabu maneno. Kwa hivyo feni ilipolala, kilicholala ni kodi ya nyumba na karo ya mdogo wangu.

Fundi aliinua boneti, akachungulia, akaifunga. "Mzee, mota imekufa. Leta 6,500." Baba alikuwa na 2,000.

Nikamwomba baba masaa mawili. Mimi si fundi, lakini njia ya umeme wa feni si siri. Umeme unatoka kwenye betri, unapita fiuzi, unafika kwenye rilei. Rilei inangoja amri ya swichi ya joto au kompyuta ya gari, kisha inaupeleka kwenye mota. Kutoka hapo unarudi kwenye betri kupitia waya wa arthi uliofungwa kwenye bodi. Mota ni kituo kimoja tu kwenye hiyo safari. Kuibadilisha bila kupima ni kamari.

Fiuzi ilikuwa nzima. Rilei ya feni na ya honi zilikuwa na namba moja, nikazibadilishana. Honi ikalia, feni ikanyamaza. Nikachomoa soketi ya mota, nikawasha injini na AC ili feni iamriwe kuzunguka, mikono mbali na mapanga yake. Multimita ikasoma volti 12.

Hapo ndipo wengi wanaapa kwamba mota imekufa. Umeme si unafika? Lakini multimita yenyewe haivuti umeme wa maana. Waya ulioliwa na kutu unaweza kuonyesha volti 12 safi kabla haujabebeshwa mzigo. Kwa hivyo nikarudisha soketi, nikaweka ncha nyeusi kwenye hasi ya betri na nyekundu kwenye waya wa arthi wa mota. Inafaa isome karibu na sifuri. Ilisoma 9.

Umeme ulikuwa unafika kazini vizuri, ila haukuwa na njia ya kurudi nyumbani. Nikaufuata ule waya hadi kwenye bolti chini ya taa, imejaa kutu ya kijani. Msasa kidogo, kichwa kipya cha waya cha shilingi 50, na feni ikanguruma.

Nilipoacha chuo, jamaa zetu walifanya kama yule fundi. Ni pombe. Ni wasichana. Hana kichwa. Kila mtu alikuja na dawa yake: pasta, kozi nyingine, kazi kwa duka la mjomba. Hakuna aliyeuliza ilikatikia wapi, na jibu lilikuwa kwenye risiti za karo. Baba naye alinyamaza mwaka mzima, nami nikahesabu kimya chake kuwa hukumu.

Siku hiyo alisimama akisikiliza feni kwa muda mrefu. "Kwa hivyo ilikuwa nzima wakati wote?"

"Ilikuwa nzima, baba."

"Na tulikuwa karibu kuitupa."

Sikujua anaongea na nani, na sikuuliza. Jioni hiyo hiyo akarudi barabarani. Multimita sasa inakaa kwenye dashibodi yake. Kuisoma bado inampa shida, lakini fundi akimwambia kitu kimekufa, anaitoa kwanza, anaiweka juu ya boneti, kisha anauliza kwa upole: "Umepima?"