Kubebesha Miti Musaga: Vifaa Viko Jikoni na kwa Fundi

Msafiri atokaye katikati ya Bujumbura kuelekea kusini huuvuka mto Muha, kisha barabara huanza kupanda. Hapo ndipo Musaga, mtaa uliokaa mteremkoni baina ya bonde la Muha na lile la Kanyosha. Barabara ipitayo hapo ni ile iendayo Ijenda na Matana, na kwa njia hiyohiyo matunda ya milimani huteremka kuja mjini. Ukigeuka nyuma unaliona Ziwa Tanganyika limetanda, na ng'ambo yake milima ya Kongo.

Nilikwenda huko kumtembelea rafiki yangu wa siku nyingi, askari mstaafu. Yeye alinikaribisha, lakini aliyenifundisha ni mkewe. Ua wao ni mdogo, wala hauzidi vyumba viwili vya nyumba yao, na udongo wake umezuiwa kwa mawe usichukuliwe na mvua. Juu ya mawe hayo yamepangwa makopo ya mafuta ya kupikia, ndoo zilizopasuka na vipande vya magunia ya mchele vilivyoshonwa, na katika kila kimoja mna mche wa mwembe au mparachichi.

"Shemeji," akaniambia, "sisi tumehamishwa mara nne. Kila tulipopanda mbegu, matunda walikula wengine."

Ndugu msomaji, familia ya askari au polisi itaielewa kauli hiyo bila kufafanuliwa. Mwembe wa mbegu waweza kukaa miaka sita au hata minane kabla ya kuzaa, na tena hujui utazaa embe la namna gani. Ule uliobebeshwa huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, na embe lake hufanana na la mti uliotoa kijiti. Tena mche uliomo ndani ya kopo hupanda gari pamoja na vitanda siku ya uhamisho.

Kubebesha ni kukiunganisha kijiti cha mti mzuri, kiitwacho kikonyo, na mche mdogo uliooteshwa kwa kokwa. Wengi huogopa wakidhani kazi hiyo yadai vifaa vya dukani: kisu maalumu kutoka ng'ambo, utepe wake, nta yake. Mama huyu hana hata kimoja cha hivyo. Kokwa huzipata baada ya watoto kula. Kokwa la embe hulivua ganda gumu na kuipanda mbegu yake mapema, maana ikikauka hufa.

Kisu chake kilitokana na kipande cha msumeno wa kukatia chuma. Fundi alikinoa upande mmoja tu, upande wa pili ukabaki bapa, nacho kimefungwa mpini wa kitambaa. Kwa vijiti vichanga hutumia wembe mpya. Hapo ndipo asipofanya ubahili: wembe uliokwisha kunyoa ndevu za mzee hausogei karibu na miche yake. Kabla ya kukata hukipangusa kisu kwa maji ya javeli, kisha hukisuuza na kukikausha.

Shida ilikuwa kwenye utepe. Zamani watu walikata mifuko ya plastiki kuwa vipande virefu na kufungia. Lakini amri ya Rais ya mwaka 2018 iliipiga marufuku, na baada ya muda wa matayarisho ikaanza kutekelezwa mwaka 2020. Basi mama akamwendea fundi wa baiskeli kuomba mpira wa ndani uliotoboka usioweza tena kuzibwa. Akikosa jirani, huagiza Buyenzi, kwenye magereji mengi, ambako mipira ya magari iliyochakaa haikosekani. Huuosha kwa sabuni na kuukata nyuzi za upana wa kidole kidogo. Kwa maoni yangu mpira huo unashinda plastiki, kwani huvutika na kubana vizuri. Kasoro yake ni weusi: hushika joto la jua, kwa hiyo mche lazima ukae kivulini.

Nilimwona akifanya kazi. Alichagua mche wenye unene wa penseli, akaukata kichwa na kuupasua katikati kiasi cha vidole viwili. Kikonyo, kirefu kama kidole cha kati, alikichonga kama kabari kwa mikato miwili tu. Akakichomeka akihakikisha utando wa kijani ulio chini ya gome umekutana angalau upande mmoja, akafunga kuanzia chini kwenda juu, na mwisho akadondosha nta ya mshumaa iliyopoa kidogo kwenye ncha. Juu yake akafunika chupa ya maji iliyokatwa kitako, ili unyevu usipotee.

Mimi mwenyewe niliwahi kuua miche sita kwa kufunga kilegevu; maji yakaingia, kidonda kikaoza. Nilipomsimulia alicheka, akaniambia mpira uvutwe mpaka uimbe. Vichipukizi vikishatoa majani na kidonda kikashikana, ufunguliwe, la sivyo utalinyonga shina.

Kikonyo ndicho chenye thamani, nacho hakiuzwi bali huombwa. Kumbuka habari ya Rudolph Hass, mpeleka barua wa California nchini Marekani. Mche wake mmoja wa parachichi ulikataa kubebeshwa, akauacha ukue wenyewe, na mwaka 1935 akausajili kuwa wake kwa sheria. Mti huo ulikufa mwaka 2002, lakini kila parachichi la Hass duniani limetokana na vijiti vyake.

Jioni tulikwenda kwa mzee jirani mwenye mwembe uzaao sana.

"Shikamoo mzee. Tumekuja kuomba."

"Marahaba wanangu. Kateni, ila msiguse penye maua."

Nilipewa vijiti vitatu vyenye vichipukizi vilivyovimba. Mama aliyaondoa majani, akavifunga kwa kitambaa kibichi ndani ya jani la mgomba, akanihimiza niteremke mjini upesi nivibebeshe kabla ya kulala.