Barua Kutoka Nansio: Pakia Mzigo Kwanza, Fenda Baadaye

Nansio, Ukerewe

Binamu,

Tumefika salama. Mjomba anakusalimia, na anasema dagaa wako wapo, ila uje uwachukue mwenyewe. Kuhusu zile rimu za spoti ulizonitumia picha, jibu nimelipata huku kisiwani. Soma barua yote, usirukie mwisho.

Tungeweza kupanda meli pale Mwanza na kushuka hapa Nansio bila jasho, lakini unamjua mjomba: hasafiri bila gari lake. Basi tukazunguka kwa barabara, Magu, Lamadi, Bunda, halafu Kisorya, tukavuka kwa kivuko hadi Rugezi. Ile Probox hungeitambua. Kaivua tairi zake nyembamba na kuivisha rimu pana zinazong'aa, tairi za nyuma zimetokeza kidogo nje ya bodi. Vijana wa Kisorya waliizunguka wakipiga picha, na mjomba akajifanya hawaoni.

Kwenye kivuko watu wako makini na uzito, na wana sababu. Tangu MV Nyerere ilipozama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 200, hakuna anayefanya mzaha na suala hilo. Tuliulizwa tumebeba nini. Tulikuwa na magunia ya mchele, mifuko ya saruji ya shangazi, na watu wanne.

Mambo yalianza tuliposhuka Rugezi. Kila gurudumu la nyuma lilipoingia shimoni, tulisikia kruu! Tairi linasaga mdomo wa fenda. Mjomba akaongeza sauti ya redio. Tulipofika Nansio, bega la tairi lilikuwa limechanwa mstari mzima, na shangazi akauliza kama harufu ile ya mpira ndiyo manukato mapya ya mjini.

Asubuhi tukaelekezwa kwa fundi bodi mmoja, gereji yake iko chini ya mwembe: mtungi wa gesi, grinda na nyundo za kila umbo. Hakutazama rimu. Aliuliza swali moja tu: "Mlipopima hizi tairi, gari lilikuwa na nini ndani?" Mjomba akajibu halikuwa na kitu. Fundi akacheka, akaturudisha nyumbani tukachukue mzigo.

Hapo ndipo penyewe, binamu. Gari tupu linadanganya. Springi zimenyooka, nafasi kati ya tairi na fenda inaonekana ya kutosha, unalipa na kuondoka. Lakini gari la huku halitembei tupu hata siku moja. Fundi alipaka chaki ndani ya mdomo wa fenda zote nne, akatupakia na magunia yetu, akaliendesha juu ya matuta huku akikata usukani hadi mwisho, kulia na kushoto. Tuliporudi, palipofutika chaki ndipo palipogusa. Mbele paligusa kwa nyuma kidogo, kwenye plastiki ya ndani. Nyuma paligusa juu kabisa.

Fenda za mbele hazikumsumbua. Ni bati moja lililofungwa kwa boliti, likiharibika unafungua na kuweka jingine. Za nyuma ni sehemu ya bodi yenyewe, bati la nje na la ndani yameunganishwa pale mdomoni. Mtu akipitisha grinda hapo bila kuchomelea upya na kuziba, maji na matope yanaingia katikati ya mabati mawili, na kutu inakula kwa ndani wakati wewe unang'arisha nje. Kwa hiyo hakukata. Alitoa tairi, akasafisha matope, akapasha rangi joto taratibu ili isipasuke, kisha akaukunja ule mdomo kuelekea ndani kidogo kidogo, kipande cha ubao upande mmoja na nyundo ya mpira upande mwingine, kama mtu anayekunja pindo la suruali. Kuna kifaa maalumu chenye gurudumu dogo kinachofungwa kwenye habu kwa kazi hiyo. Yeye hana, na sikuona alipopungukiwa. Palipotokea ufa mwembamba kama unywele kwenye rangi alipiga msasa, praima na rangi hapo hapo.

Mjomba akataka pia zile fenda za kuongezea, za mpira au plastiki, zinazofungwa kwa ribiti. Jambo lenyewe si geni: kuna Mjapani, Nakai Akira, amejijengea jina duniani kwa kukata fenda za Porsche kwa mikono yake na kufunga pana juu yake. Hata Toyota wenyewe walipoweka injini ya V8 kwenye Land Cruiser za 70 mwaka 2007 walitanua fenda za mbele, magurudumu ya mbele yakaachana zaidi kuliko ya nyuma. Itazame mojawapo ya hizo za V8 kwa mbele utaona. Fundi hakupinga. Alisema tu kwamba fenda pana inafunika tairi, haiongezi nafasi mpaka bati lililo chini yake likatwe na kuzibwa vizuri.

Sasa hesabu yako. Rimu zako za sasa zina upana wa inchi 6, ET45 (ET ni milimita kutoka katikati ya rimu hadi pale inapofungwa kwenye habu). Za pichani ni inchi 7.5, ET30. Upana umeongezeka milimita 38, yaani 19 kila upande. ET imeshuka 15, kwa hiyo rimu nzima inasogea nje 15. Jumla: nje inatokeza milimita 34 zaidi, ndani inaongezeka 4 tu. Hizo 34 ndizo zitakazogombana na fenda. Ukipata za ET40, nje itakuwa 24 na ndani 14. Hapo pima kwanza, gurudumu lisije likagusa shokapu. Na kadiri gurudumu linavyokaa nje ndivyo beringi zinavyoelemewa na usukani unavyokuwa mzito.

Tazama pia namba ya uzito ubavuni mwa tairi. 84 ni kilo 500 kwa tairi moja, 88 ni kilo 560, 91 ni kilo 615. Wengi wananunua upana na mng'ao, kumbe tairi jipya linabeba kidogo kuliko lile la zamani. Mjomba ilibidi abadilishe mbili za nyuma kwa sababu hiyo, na hilo lilimuuma kuliko fenda.

Wewe unabeba viti na maspika ya sherehe kila Jumamosi, kwa hiyo usimwachie fundi wa hapo mjini gari tupu. Mpelekee likiwa na maspika ndani, na chaki mfukoni. Akikataa kulipima hivyo, tafuta mwingine. Mimi ningechukua za ET40. Nijibu kabla hujatoa hela.

Msalimie mama mkubwa, na umwambie mchele umefika, una harufu kidogo ya mpira.

Ndimi binamu yako