Gharama ya Joto

Dada yangu anafanya kazi ya nyumbani Dubai. Julai ikifika, waajiri wake husafiri kukimbia jua, naye huachiwa paka wao wawili. Kiyoyozi cha chumba cha paka hao hakizimwi mchana wala usiku, kwa kuwa nje joto linapita nyuzi 40 na mnyama aliyefungiwa ndani hawezi kulistahimili. Julai hiyohiyo huku Nyamache tunalala na blanketi mbili, ukungu haujaondoka kwenye majani chai hata jua likishapanda, nami nanunua tokeni za stima kwa ajili ya vifaranga. Yeye anawapoza wake, mimi nawapasha wangu. Tukipigiana simu, mazungumzo huishia kwenye bili.

Nilipokuwa mtoto, miaka ya 1980, joto la kuku halikuwa na bei. Nyanya alikuwa na koo mweusi aliyeatamia mayai yake kwenye pembe ya jikoni, siku 21 bila kusukumwa na mtu. Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hivi, na vifaranga wakishatoka hulala chini ya mbawa hadi manyoya yaote. Usiku Nyanya aliwafunika koo na wanawe kwa tenga, hatua moja kutoka kwenye mafiga. Makaa ya kuni zilizopika ugali wa wimbi yaliwatosha mpaka alfajiri. Mwewe alichukua wake, mdondo ukaja ukafagia boma zima, lakini sikumbuki kifaranga aliyekufa kwa baridi akiwa na mama yake.

Bei ilianza na katoni. Mama na wenzake wa chama walianza kuagiza vifaranga wa siku moja, nao wakaja kwa matatu kupitia Kisii mjini, katoni zimetobolewa matundu na sauti zao zikisikika hata kabla gari halijasimama. Vifaranga hao hawana mama. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi tatu kila wiki. Kwenye vilima vyetu, usiku wa Julai, joto hilo lote ni la kununua.

Mama alizungusha kadibodi ikawa duara, maana penye pembe vifaranga hurundikana na wa chini hukosa pumzi. Alimwaga maranda, akaweka jiko la makaa katikati na kulifunika kwa chungu kilichopasuka ili joto litoke polepole. Hakuwa na kipimajoto. "Wasikilize, watakuambia," alikuwa akisema. Wakilia kwa sauti kali na kubanana, wana baridi. Wakitanua mbawa na kuachama midomo, wamezidiwa na joto. Wakitawanyika, huyu anadonoa, yule amelala kifudifudi, basi nawe kalale. Mimi na ndugu zangu tulipokezana zamu ya kuongeza makaa, na dirisha halikufungwa hata mvua ikinyesha, kwa sababu gesi ya makaa haina harufu na huua kuku na mtu vilevile.

Makaa yenyewe yalitoka upande wa Transmara, kwani mashamba yetu ni madogo na mkaratusi tulionao una wateja wengi. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu, na gunia la makaa likaanza kupanda bei. Septemba mwaka huohuo mafuta ya taa yaliongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili wachuuzi wasiyachanganye na dizeli. Nia ilikuwa njema, lakini nyumba zilizolea vifaranga kwa kandili zililipa pia.

Wakati huo stima ilikuwa imetufikia kupitia mradi wa serikali wa Last Mile, uliozinduliwa 2015. Tulishangilia. Balbu nyekundu ya wati 250 haina moshi wala majivu, na hakuna wa kuamshwa usiku. Ila ikiwaka saa 24 inakula uniti 6. Uniti moja pamoja na kodi zake sasa inapita shilingi 20, kwa hiyo siku moja ni zaidi ya shilingi 120, na wiki tatu ni zaidi ya 2,500. Ukiwa na vifaranga 100, kila mmoja amebeba shilingi 25 za joto tu, kabla ya chakula na chanjo. Ukiwa na 30, balbu ni ileile na tokeni ni zilezile. Hapo ndipo wafugaji wadogo wengi huumia, na inanisikitisha kwamba wanaouza vifaranga hawawaambii mapema. Usiku mmoja wa upepo tawi la mkaratusi likaangukia waya, giza likaingia, na asubuhi tukaokota waliokufa kwa ndoo.

Siku hizi natumia bruda isiyo na moto, ambayo maafisa wa kilimo wameisifu kwa miaka mingi. Ni sanduku la mbao lenye duara la wavu ndani. Nafasi iliyo kati ya wavu na mbao hushindiliwa nyasi kavu. Mimi natumia majani makavu ya migomba, kwa sababu nyasi ni ya ng'ombe na migomba imejaa shambani. Juu hufunikwa kwa gunia linalopitisha hewa. Vifaranga hupashana joto kwa miili yao wenyewe, ukuta hauliachi litoke. Siku za kwanza, au wakiwa wachache, natia chupa ya maji moto iliyoviringishwa kitambaa. Balbu ipo bado, lakini inawaka saa chache tu kwenye baridi kali.

Ewe unayetaka kuanza ufugaji huku kwetu, agiza vifaranga wako Januari au Februari, mvua ikiwa imepungua. Na kabla hujauliza bei ya kifaranga, piga hesabu ya wiki tatu za kumpasha joto. Ikikushinda, nunua koo wawili wanaoatamia.