Baiskeli ya Mkono



Mnaonifuata hapa mnajua kazi yangu ni mapambo ya harusi, na mnajua udhaifu wangu ni vitu vya kale. Sanduku la njumu, taa ya chemli, birika la shaba, nikiviona tu mkono unaingia kwenye pochi. Basi mwaka jana nilikwenda Morogoro kwa wakwe zangu, na nyuma ya banda la kuni la baba mdogo wa mume wangu, pale Mji Mpya, nikaona fremu ya baiskeli imeegemezwa ukutani. Gurudumu la mbele halipo, kiti hakipo, la nyuma limebaki chuma kitupu bila tairi, kuku wamelala juu yake miaka.

"Raleigh ya Babu hiyo," baba mdogo akasema. Babu alikwishafariki, mirathi ikagawiwa, na banda na vilivyomo vikawa fungu lake. Nikampa shilingi 40,000. Akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili, akazipokea.

Mimi nilikuwa na bi harusi wangu wa Novemba kichwani. Alitaka baiskeli ya kizamani mlangoni mwa ukumbi, imejaa asumini na mawaridi. Nikamtumia picha usiku uleule, akajibu kwa vopa vya moyo. Nikaona rizki imejileta yenyewe.

Asubuhi yake tukaipeleka kwa fundi mmoja karibu na soko la Chifu Kingalu. Mzee wa watu, kofia ya kiua kichwani, vidole vyeusi kwa grisi. Akaizungusha, akaguna.

"Dada wa Zanzibar, babu yenu alikuwa anavaa kanzu?"

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Maana hii ni baiskeli ya kike."

Na kweli. Ile nondo ya juu inayolala baina ya kiti na usukani haikuwapo. Zilikuwapo mbili sambamba zinazoshuka chini, ili mwenye gauni apite mguu bila kujifunua. Sote tulikuwa tumeiona na hakuna aliyeiona. Mume wangu alicheka, akasema wao tangu utotoni waliambiwa Babu alinunua ya namna hiyo kwa sababu alikuwa mfupi!

Fundi alitaka aipige msasa yote aipake rangi nyekundu inayong'aa. Nikakataa. Rangi ikishatoka hairudi, na ile nyeusi ya kiwandani ilikuwa bado ipo chini ya uchafu, na mstari mwembamba wa dhahabu ukionekana kwa tabu. Nikaichukua mwenyewe hadi uani kwa mama mkwe, nikakaa na ndoo.

Wapenzi wa vitu vya kale, nisikilizeni hapa kidogo. Rangi ya zamani osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kwa kitambaa, na jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Vile vyuma vinavyong'aa kama kioo, chukua foili ya jikoni, ichovye kwenye siki, sugua taratibu. Foili ni laini kuliko ule mng'aro kwa hiyo haiukwaruzi, na kutu inatoka nyeusi kama wanja. Usiiguse rangi kwa foili. Palipokwama, mafuta ya taa na subira. Mkono wa pedali umeshikwa na kipini cha chuma chenye umbo la kabari, na ukikipiga nyundo kwa hasira kinapinda, ukabaki na kazi mbili. Mimi nilikilowesha siku tatu ndipo fundi akakitoa.

Siku ya pili ndipo ikaanza kusema. Kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma, chini ya grisi iliyoganda, yakatokea maandishi: Sturmey-Archer, AW, na namba 58 na 5. Mdogo wake mume wangu alisomesha VETA, akanieleza kwamba hiyo ni mashine ya gia tatu iliyotengenezwa mjini Nottingham, Uingereza, na namba ni mwaka na mwezi: Mei 1958. Ila gurudumu linaweza kubadilishwa, kwa hiyo peke yake si ushahidi wa fremu. Nembo ya mbele ilishang'oka, yamebaki matundu tu.

Nikahamia kwenye lile gurudumu la meno linalovuta mnyororo. Lilikuwa limeziba matope na manyoya ya kuku. Baiskeli za Waingereza wa wakati ule zilikuwa na desturi ya kukata alama katikati ya chuma hicho. Raleigh waliweka vichwa vya ndege mwenye shingo ndefu. Nikawa nasugua nikitafuta ndege. Kikatokea kidole. Kisha kingine. Mwisho kikawa kiganja kizima cha mkono, kimekunjuliwa.

Ni Rudge. Kampuni yenyewe ilikuwa ya Coventry, jina likanunuliwa na Raleigh mwaka 1943, wakaendelea kuziunda na alama yao ileile ya mkono. Nikapiga ukelele wa furaha, nikamwita mama mkwe aje aone. Alipoona, hakucheka. Akakaa kwenye mkeka, akasema polepole:

"Bibi huwa anasema baiskeli yake ya mkono. Sisi tulidhani anaota."

Bibi yu hai, dada zangu. Anaishi kwao Kinole, juu ya milima ya Uluguru, kwenye shamba la ukoo wa mama yake, kwa sababu Waluguru ardhi yao inafuata upande wa mama. Umri umeenda, maneno yake yanakuja machache na yamechanganyika, na alipotaja baiskeli ya mkono watu walifikiri anazungumzia mkokoteni.

Nikalala usingizi mbaya. Nilimpigia ustadhi wetu wa darsa Unguja. Akanikumbusha jambo ambalo kila bi harusi ninayempamba hulisikia siku ya nikaha na mimi nimelizoea mpaka silisikii tena: mahari ni mali ya mke. Surat An-Nisaa, aya ya nne, Mwenyezi Mungu ameamrisha wanawake wapewe mahari yao, na mume anakula katika hayo pale tu mke anapotoa kwa ridhaa ya nafsi yake. Na mtu hawezi kuuza kisicho chake, hata akiuza kwa nia njema. "Kamuulize mwenyewe," akasema. "Muulize alimpa mumewe, au alimwazima."

Tukapanda. Baada ya Bigwa barabara inaanza kupinda na kupanda, migomba kila upande, na ukifika juu unasikia harufu ya mdalasini na karafuu, hata nikajiona niko kwetu Pemba ila kuna baridi. Fremu tuliifunga juu ya gari.

Bibi alikuwa barazani. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mke mwenzangu," maana ndivyo anavyoniita tangu niolewe na mjukuu wake. Kisha akaiona. Akaomba ishushwe. Akapapasa chini, si usukani, si rangi, akaenda moja kwa moja kwenye ule mkono wa chuma, akatia vidole vyake ndani ya vidole vile.

"Mahari yangu," akasema.

Alisimulia kwa vipande, mama mkwe akiunganisha. Babu alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la mkonge. Alimposa, na binti alipoulizwa anataka nini hakutaja nguo wala ng'ombe, alitaja baiskeli aliyoiona dukani mjini, ile yenye mkono. Alijifunza usiku, baada ya Isha, mumewe akimshikilia nyuma. Aliiendesha miezi michache. Watu wakasema sana. Akazaa, akaacha, na Babu akawa anaipakia ndizi kwenda sokoni, miaka na miaka, mpaka watoto wakakua wakiiona ni ya baba.

Nikajikaza nikauliza lile la ustadhi. Bibi akanitazama kama nimeuliza la kitoto.

"Nilimwazima. Hajarudisha."

Mume wangu akaangua kicheko, kisha akatoka nje akakaa peke yake.

Baba mdogo alirudisha zile 40,000, lakini kwa uchungu. Alihisi tumemwita mwizi, na hakuna aliyemwita hivyo. Yeye aligawiwa na wakubwa kama alivyogawiwa. Idd iliyofuata hakupiga simu. Hilo bado linanikaa kifuani, na nadhani ningelimwendea yeye kwanza kabla ya kupanda mlimani, mambo yangekuwa mengine. Bi harusi wangu naye nilimweleza ukweli, nikampambia kwa mtumbwi mdogo badala yake. Hakufurahi sana. Ana haki.

Mabi harusi wangu, andikeni mahari yenu katika cheti kwa jina na sifa zake, msiandike "imelipwa" tu mkanyamaza. Na mkimwazima mume, semeni ni azima, mbele ya watu.

Fremu iko chumbani kwa Bibi, karibu na kitanda. Hakutaka magurudumu mapya. "Niende wapi?" Alitaka kitu kimoja, kengele, maana yake ilipotea zamani. Nimempata muuza vyuma pale Darajani aliyekuwa nayo moja ya kale, nikaituma kwa boti na treni mpaka Morogoro, wifi akaipandisha. Juzi wamenipigia simu ya video. Bibi akaipiga kwa kidole gumba mara tatu, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Nzuri," akasema. "Ila si sauti yake."

Naendelea kutafuta.